Kabla Hujampeleka Ndugu Yako Soba, Ulizia Siku ya Kutoka

Tangu mdogo wangu aache unga, yaani heroini, simu yangu haitulii. Wananipigia akina mama wa Temeke, Mbagala, Buza, hadi watu nisiowafahamu kabisa waliopewa namba yangu na jirani wa jirani, na swali lao ni moja: dada, wewe wa kwako ulimpeleka soba gani? Huwa nawajibu. Ila najua kwamba jina la soba, yaani nyumba wanamokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, peke yake haliwasaidii sana. Nyumba nzuri zipo, mbovu zipo, na hata ile nzuri kuliko zote haimalizi kazi. Familia nyingi zinaelekeza nguvu zote kwenye siku ya kumwingiza mgonjwa, fedha zinaishia hapo, maombi yanaishia hapo. Siku ya hatari ni ile anayotoka. Ndiyo maana naandika, ili mwenye mtu wake aanze kupiga hesabu kutokea huko mwisho.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, mikono yake inajulikana Tandika nzima. Alianza na bangi, akaja kwenye kokteli, yaani msokoto wa bangi uliotiwa unga, na mwishowe akawa anavuta unga mtupu. Nyumbani tulianza kuona vitu vidogovidogo. Anasinzia katikati ya chakula, kijiko kikiwa mkononi. Anajikuna pua na shingo. Akiingia chooni hatoki. Baadaye vikaanza kuondoka vitu: pasi, mtungi wa gesi, vitenge vya mama ambavyo hata havijashonwa. Mwenye mtu wa aina hii nyumbani anayajua haya, sina haja ya kuyarefusha.

Kabla ya soba tulihangaika kama wanavyohangaika wote. Mama alizunguka kwa mashehe, rafiki yake akampeleka kwa mchungaji. Mjomba alimpeleka kituoni awekwe ndani kidogo apate akili. Shangazi akamchukua shambani Kisarawe. Na kote huko ilionekana kama amepona, kwa sababu arosto ya unga, yale mateso ya mwili mtu akiukosa, huisha yenyewe. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, yaani kile kipimo cha unga cha mwisho, siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu zaidi, na baada ya wiki moja hivi mwili unaanza kutulia. Watu wakiona amekula vizuri na kunenepa wanasema Mungu mkubwa, ameacha. Akishuka tu kituoni Tandika, akapishana na yule aliyekuwa anamuuzia, mambo yanaanza upya. Mwili unatoka kwenye unga kwa siku, kichwa kinahitaji miezi, na kwa wengine miaka.

Mtu wa kwanza kutufungua macho alikuwa muuguzi mmoja tuliyekutana naye hospitali. Alituambia kuna njia mbili kubwa, methadone na soba, na kwamba tusichague kwa kusikiliza maneno ya watu.

Kliniki ya methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na sasa zipo mikoa mingine pia. Ni dawa ya maji. Mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu, hailipiwi, na inazuia arosto kwa siku nzima ili mtu aweze kufanya kazi na kulala kama watu wengine. Inawafaa wanaotumia heroini na dawa za jamii hiyo. Mtu wa pombe au bangi haimhusu. Kinachonikera ni pale ndugu wanaposema methadone ni kumtoa mtu kwenye unga huu na kumtia kwenye mwingine. Jirani yetu amekunywa dozi yake kwa miaka, anaendesha bajaji, analea watoto wake, na hajaiba hata sahani. Kama huyo si mtu aliyepata nafuu, basi sijui tunamtafuta nani. Gharama yake iko kwenye nauli na muda wa kwenda kliniki kila siku, na hilo si dogo kwa anayeishi Chamazi au Kongowe. Jingine alilotusisitizia yule muuguzi: mgonjwa akiwa anatumia dawa za kifua kikuu au za VVU, awaambie watu wa methadone mapema. Baadhi ya dawa hizo, hasa rifampisini ya TB, hupunguza nguvu ya methadone mwilini. Arosto inarudi, mgonjwa anadhani dozi haifanyi kazi, anarudi maskani, kule kijiweni kwa wavuta unga, kumbe ilitakiwa dozi iangaliwe upya.

Mdogo wangu alichagua soba mwenyewe. Alisema njia ya kwenda kliniki inapita maskani mbili na hajiamini kuzipita kila asubuhi. Alitaka kutoka Temeke kabisa. Tulimsikiliza, na nashauri kila familia imsikilize mgonjwa wake, maana yeye ndiye anayejua pusha, muuza unga, amekaa kona ipi. Jueni pia kwamba soba nyingi hazipokei mtu aliye kwenye methadone, kwa sababu zenyewe zinataka mtu awe mkavu kabisa. Ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Soba ni nyumba ya kuishi, si hospitali. Wanaishi pamoja watu wanaoacha, chini ya usimamizi wa watu walioacha kabla yao, na wanafuata hatua kumi na mbili za kuacha. Hatua hizo zimetoka kwenye chama cha walevi wa pombe kilichoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, na mwaka 1953 waraibu wa dawa za kulevya wa California wakaanzisha chama chao, Narcotics Anonymous, kwa mfumo huohuo. Hapa kwetu nyumba hizi zipo Zanzibar, Bagamoyo, Kigamboni na kwingineko. Serikali inaziita nyumba za upataji nafuu, na kwa Bara zinasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Namba yao ya bure ni 119. Pigeni, muulize kama nyumba mnayoiendea inatambulika.

Ya kwanza tuliyokwenda kuiona siitaji jina. Geti lilikuwa na kufuli kwa nje. Uani vijana walikuwa wamekaa kwenye mkeka, hawasemi chochote, na mmoja alikuwa na mnyororo mguuni. Mwenye nyumba akasema bila kuona tabu, "Mama, hawa bila hivi hawakai." Nikamuuliza arosto ikimkaba nani atamwangalia. Akajibu wenzake. Alitaka fedha ya miezi yote mkononi siku hiyohiyo, na akasema hatutaruhusiwa kumwona mpaka amalize. Mama alikuwa tayari kulipa. Alikuwa amechoka mno, angekubali chochote kilichoitwa msaada. Nilimshika mkono tukatoka, akalia ndani ya bajaji mpaka Feri. Namwelewa kila mzazi anayefika hatua hiyo. Lakini mnyororo hautibu. Mtu akifungwa anajifunza kuvizia siku ya kufunguliwa, basi.

Nyumba tuliyoichagua ilikuwa Kigamboni. Msimamizi wake mwenyewe alishawahi kutumia. Alitupitisha jikoni, akatuonyesha vyumba, vitanda vya deka vyenye vyandarua, na ratiba iliyobandikwa ukutani: kuamka saa kumi na moja na nusu, sala kila mtu kwa dini yake, usafi, uji, kikao cha asubuhi, darasa la hatua, kupika kwa zamu, mpira jioni, kikao cha usiku. Kabla ya kutaja fedha alitaka kujua mengi. Anatumia nini, tangu lini, anavuta au anajidunga? Anakunywa pombe? Amewahi kuanguka kifafa? Anakohoa? Akatutaka vipimo vya TB, VVU na homa ya ini kabla hajaingia. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Akitoka hapa atalala wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Tandika."

Akaandika Tandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini ya neno hilo mara mbili. Hakusema kitu. Mimi nilidhani anajaza fomu.

Kuhusu fedha, nitasema wazi kwa sababu watu hulificha hili. Ada ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi, kiingilio 50,000. Godoro, shuka, chandarua, sabuni, ndala na dawa ya meno tulinunua wenyewe. Muda wa programu ulikuwa nusu mwaka. Ukijumlisha vipimo na nauli za kwenda kumwona, tulikaribia milioni mbili. Mama alikopa kikoba, mjomba akatoa sehemu, mimi nikauza cherehani. Lipeni mwezi kwa mwezi, si kwa mkupuo, na kila mkilipa dai risiti. Ulizeni mapema akitoroka fedha inakuwaje, akiugua nani anagharimia. Na mkisharidhika na nyumba, lipeni kwa wakati, kwa sababu chakula cha wote kinatoka kwenye ada hizohizo. Zipo nyumba zinazopunguza ada kwa asiye na uwezo, ila ni mpaka useme. Usione haya kusema.

Arosto yake aliipitia kule kule, na msimamizi aliniruhusu kumwona kwa dakika chache siku ya pili. Alikuwa amejikunja ukutani, amevaa sweta mbili katika joto la Desemba, vinyweleo vimesimama, kamasi na machozi vinatiririka kama amekula pilipili. Anapiga miayo mfululizo. Miguu haitulii, anapigapiga godoro kwa visigino. Pembeni kulikuwa na ndoo ya kutapikia na jagi la maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza nguvu, na kijana mwenzake amekaa kwenye kigoda akimfuta jasho, usiku na mchana wakipokezana. Muuguzi alikuwa akipita kumwangalia na kumpa vidonge vya kutuliza maumivu na kuhara. Arosto ya unga kwa kijana mwenye afya ni mateso makali, mara nyingi haiui, ila kuhara na kutapika bila kurudishiwa maji kunaweza kumaliza mtu.

Pombe ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ukimkatisha ghafla, anaweza kupata degedege au kuweweseka ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na wengine hufa. Huyo aanzie hospitali, chini ya daktari, soba ifuate. Soba inayokwambia "mlete tu, tutamfungia" wakati ndugu yako ni mtu wa gongo, iogope.

Wiki zilizofuata zilikuwa za simu. Alipiga kila alipopewa nafasi. Chakula kibaya, wananionea, nimeshapona, njooni mnitoe. Mama alikuwa hali chakula siku ikipigwa simu hiyo. Tulikubaliana kitu kimoja: hakuna anayemjibu kabla ya kuzungumza na msimamizi, na hakuna anayemtumia fedha mkononi. Ila hatukupuuza. Nilikwenda bila kutoa taarifa, nikakaa naye faragha, nikamtazama mgongo na miguu kama ana alama za kupigwa. Hakuwa nazo. Kama ningeziona ningemtoa siku ileile. Familia iwe na haki ya kuingia na kuona. Nyumba inayolikataa hilo moja kwa moja ina kitu inakificha.

Kilichombadilisha, kwa macho yangu, ni vikao. Anasimama, anataja jina lake, anasema mimi ni mraibu, na wote wanamwitikia. Halafu anaeleza leo imekuwaje. Wanaenda kwa siku moja moja, hakuna anayeapa ya mwakani. Siku ya familia walimtaka aseme mbele yetu vitu alivyovichukua, kimoja kimoja. Alipofika kwenye vitenge alishindwa kuendelea. Mama naye akapewa nafasi aseme yalivyomuumiza, bila kutukana, bila kulaani. Nyumbani kwetu mazungumzo ya namna hiyo hayakuwahi kutokea hata siku moja.

Sasa nije kwenye kutoka, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Kijana aliyekuwa akilala chumba kimoja na mdogo wangu alimaliza kabla yake. Alitoka ananawiri, akapigiwa makofi. Kwao walimchinjia kuku, wakampa chumba chake cha zamani na fedha kidogo ya kuanzia maisha. Kabla hata wiki haijaisha walimkuta amekufa kitandani. Msimamizi alituita sote, familia za waliokuwa karibu kutoka, akatueleza bila kuzunguka. Mtu akikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uwezo wa kuuhimili. Kiasi alichokuwa akitumia zamani na kutembea barabarani, sasa kinamzimisha pumzi. Wale wanaotoka soba, jela au hospitali ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha, hasa wiki za mwanzo. Na anayejidunga yuko hatarini zaidi.

Akatufundisha dalili: mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zinageuka bluu, anakoroma vibaya au pumzi zinakuja kwa mbali, ukimwita na kumfinya haamki. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa wala chumvi, atapaliwa. Mlaze ubavu. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni huku mwenzako anatafuta gari. Mkifika hospitali semeni kweli ametumia nini, kwa sababu ipo sindano ya naloksoni inayozindua mtu wa heroini, na daktari asipojua anapoteza dakika. Wengi huficha kwa kuogopa polisi. Ndugu yako kwanza aishi.

Hapo ndipo nilipoelewa ile mistari miwili chini ya Tandika.

Tulikaa kikao cha familia wiki kadhaa kabla hajatoka. Hakurudi kwa mama. Alikwenda kwa shangazi Chanika, ambako hajui mtu na hakuna anayemjua. Laini ya simu akabadilisha mwenyewe, akaanza na kitochi. Kazi tulimtafutia kwa fundi wa mageti anayeijua historia yake yote, kwa sababu kumficha mwajiri ni kumwachia mgonjwa mzigo wa uongo. Kwa ridhaa yake mwenyewe, malipo yalikuwa yanaingia kwa shangazi, anapewa nauli na ya chakula kila asubuhi. Watu walitushauri tumkopee bodaboda. Nilikataa kabisa. Bodaboda ni fedha taslimu mkononi kila saa na vijiwe kila kona, mtu aliyetoka juzi hawezi kubebeshwa hayo yote. Jumamosi anavuka kwenda Kigamboni kwenye kikao, na nauli hiyo ilikuwa ya kwanza kutengwa kabla ya mboga.

Tukatenga pia ada ya mwezi mmoja ambayo haiguswi. Ilihitajika. Alitumwa Kariakoo kununua vyuma, akakutana na mwenzake wa zamani, akavuta. Usiku uleule alimpigia msimamizi, yeye mwenyewe, akalia, akarudi soba kwa wiki chache. Shangazi alitaka kumfukuza. Tulimweleza kwamba mtu kuteleza katika ugonjwa huu hutokea mno, na kwamba aliyepiga simu usiku uleule ni tofauti na yule aliyekuwa akipotea mwezi mzima. Kama asingekuwa na mahali pa kurudi na fedha ya kumrudisha, angerudi maskani. Tangu hapo amesimama. Nyumbani hakuna ruhusa ya kumwita teja, hata kwa utani, hata watoto. Na kikipotea kitu tunatafuta kwanza kabla ya kumwangalia yeye usoni. Hilo la mwisho lilimchukua mama muda mrefu kuliko mtu yeyote, na sitamlaumu.

Kwa mwenye binti, hali ni ngumu zaidi. Nyumba nyingi ni za wanaume. Usikubali binti yako alazwe kwenye nyumba ya mchanganyiko isiyo na msimamizi mwanamke na mlango wake unaofungwa kwa ndani. Ana mimba? Asikatishwe unga ghafla nyumbani, maana arosto inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Apelekwe kliniki ya methadone waelezwe, mjamzito anaruhusiwa kuitumia. Na kama ana mtoto mdogo, amueni kabla hajaingia nani atamlea na atakuwa anamleta lini kumwona mama yake. Nimeshaona wasichana wakiacha programu katikati kwa sababu ya simu moja tu kwamba mtoto ana homa.